Kadogo, Njoo Nyumbani

Jioni, moshi wa mafiga unapoanza kupanda juu ya migomba, kila mama wa huku mlimani huwahesabu watoto wake. Mmoja katumwa mashineni kusaga, mwingine kaenda kukata majani ya ng'ombe, na yule mdogo kabisa hajulikani alipo. Basi tunapaza sauti kuelekea mferejini: "Kadogo! We kadogo, njoo nyumbani!"

Kwetu hilo ni neno la mapenzi. Kwa jirani zetu wa Uganda na Kongo limekuwa jina la askari.

Na historia yake, akina mama wapenzi, inapita karibu na mlango wetu. Machi 1979 Waganda waliomkimbia Idi Amin walikutana hapa hapa Moshi mjini kuunda umoja wao, UNLF, na mwezi uliofuata ukashika serikali Kampala. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Yoweri Museveni. Februari 1981 yeye aliingia msituni na jeshi lake. Huko Luwero vita viliacha yatima wengi, na baadhi yao walichukuliwa na jeshi hilo, wakavishwa sare zilizowapwaya. Hao ndio walioitwa kadogo, na Januari 1986 waliingia Kampala wakiwa na bunduki. Mwaka 1997 makadogo wengine waliingia Kinshasa pamoja na majeshi ya Laurent Kabila. Tunakiri kwamba inatuchoma kuona Kiswahili chetu kimetoa jina hilo.

Kwa nini mtoto? Kwa sababu anatii. Hadai mshahara, na hajui bado kwamba kufa ni kufa. Bunduki ya AK-47 ikiwa tupu haifiki kilo 5, mzigo mwepesi kuliko ndoo ya maji anayojitwika binti zetu kila asubuhi.

Usiku wa Aboke

Kaskazini mwa Uganda hali ilikuwa mbaya zaidi, maana waasi wa LRA wa Joseph Kony hawakuokota yatima. Waliteka watoto kutoka majumbani na shuleni. UNICEF ilikadiria watoto waliotekwa kuwa zaidi ya 25,000. Wengi walilazimishwa kuua, wakati mwingine jirani au ndugu, ili waogope kurudi kwao.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, LRA walivamia shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, wakachukua wanafunzi 139. Kulipokucha, Sista Rachele Fassera, mmisionari kutoka Italia aliyekuwa makamu wa mkuu wa shule, aliwafuata porini kwa miguu pamoja na mwalimu mmoja wa kiume. Aliwakuta. Alimsihi kamanda, na wasichana 109 wakaachiwa. Thelathini walibakizwa. Hebu fikiri, mama mwenzetu, ile safari ya kurudi, na wazazi wanaongoja langoni wakitafuta sura moja tu.

Mmoja wa wazazi hao alikuwa Angelina Atyam, muuguzi na mkunga wa mji wa Lira. Binti yake alikuwa kati ya wale thelathini. Wazazi walikuwa wakikutana kusali na kufunga, na siku moja katika Sala ya Bwana walifika penye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, wakakwama. Hawakuweza kuendelea. Angelina alilibeba jambo hilo moyoni mpaka akaweza kusamehe, kisha akamwendea mama mzazi wa kamanda aliyemshika binti yake, akamwambia amesamehe.

Lakini hakunyamaza. Pamoja na wazazi wenzake alianzisha chama cha kudai watoto wote, si wa Aboke tu. Sauti ilipofika mbali, waasi walimtumia ujumbe: acha kelele, tutakurudishia binti yako. Alijibu kwamba wote ni binti zake, waachieni wote. Hawakumrudisha.

Tuliposimulia habari hii katika kikundi chetu cha akina mama, mmoja wetu alisema waziwazi, "Mimi ningenyamaza. Ningemchukua wangu." Hakuna aliyemkemea. Wengine tulitazama chini, tukaendelea kumenya ndizi.

Anayerudi ni nani?

Swali gumu zaidi lilikuja baadaye. Dominic Ongwen alitekwa na LRA akiwa njiani kwenda shule, mtoto mdogo. Akakua humo, akapanda cheo, akawa kamanda anayeteka watoto wa wenzake. Mwaka 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague ilimhukumu miaka 25 gerezani; katika kupima adhabu majaji walizingatia utoto wake ulioporwa. Sisi tusio majaji tunabaki na maswali: mama yake angelilia yupi, mtoto au kamanda?

Kwa Waacholi, aliyerudi kutoka porini hukanyaga yai bichi kabla ya kuingia uani, kisha hupokelewa. Hiyo ni siku moja. Inayofuata ni miaka ya kisimani na sokoni, ambako mtoto aliyezaliwa porini huitwa mtoto wa waasi hata na watu wanaomjua bibi yake. Kikundi chetu kiliulizana: akirudi binti wa namna hiyo hapa kijijini, na mtoto mgongoni, nani atasogea kwenye benchi kanisani ili akae? Tulijibu haraka kwamba wote tungesogea. Yule mama aliyesema angenyamaza ndiye aliyeuliza, "Na kijana wako akitaka kumwoa?"

Wasichana wa Aboke walirudi mmoja mmoja, wengi kwa kutoroka. Baadhi walifia porini. Wa mwisho alirudi mwaka 2009. Binti wa Angelina alitoroka mwaka 2004, karibu miaka 8 baada ya usiku ule, akiwa mama wa watoto wawili: wajukuu wa mkunga, ambao hakupata kuwazalisha.