Kujazia mafuta ya usukani si kutengeneza lori

Yeyote anayesafiri kutoka mjini Kisii kuelekea Keroka, au kutoka Nyamira kwenda Kebirigo, anafahamu kwamba barabara za huko hazijui kunyooka. Hupanda, huteremka na kupinda, na kandokando yake wanafunzi hutembea alfajiri na jioni. Malori ya majani chai, ya ndizi na ya mawe ya Tabaka hupita karibu nao katika njia za eneo hili. Uhai wa watoto hao umo mikononi mwa dereva, na mikono ya dereva inategemea mpira mmoja wa mafuta.

Mwalimu wa Fizikia hahitaji maabara ili kulieleza jambo hili. Blaise Pascal, Mfaransa aliyefariki mwaka wa 1662, alionyesha kuwa shinikizo linalotiwa katika umajimaji uliofungiwa huenea kila upande kwa kiasi sawa. Ndivyo usukani wa lori unavyofanya kazi. Pampu inayoendeshwa na injini huvuta mafuta kutoka kwenye kitangi chake na kuyasukuma hadi kwenye sanduku la usukani, ambako humsaidia dereva kugeuza magurudumu. Kisha mafuta hurejea kitangini kupitia mpira wa pili. Shinikizo katika mpira wa kwanza laweza kuzidi lile la hewa mara 100.

Mafuta hayo hayachomwi kama dizeli. Yakipungua, yamevuja. Hata hivyo, si ajabu kumwona dereva akiweka chupa ya mafuta chini ya kiti na kujazia kila asubuhi, akidhani amelitengeneza gari. Chupa hiyo ni ungamo kwamba mwenye kuitumia anajua pana tundu.

Dalili zake hazijifichi. Pampu hulia usukani unapokatwa, mafuta hutoa povu kwa kuingiwa na hewa, na usukani huwa mzito. Mpira ukipasuka kwenye kona, magurudumu bado yatageuka, lakini kwa nguvu ambazo dereva huenda asiwe nazo kwa wakati. Tena, mafuta yakirukia ekzosi yenye moto, lori laweza kuungua.

Tiba yake ni rahisi kuliko mazishi. Lori lisimamishwe mahali tambarare, kitangi kipanguswe kabla ya kufunguliwa, na kitiwe mafuta ya aina iliyotajwa na mtengenezaji pekee, kwani mafuta yasiyofaa huharibu sili. Mipira ipanguswe, injini iwashwe, mtu mmoja azungushe usukani polepole na mwingine aangalie kwa tochi. Asipapase kwa kidole, kwa sababu mafuta yenye shinikizo hilo hupenya ngozi. Heri atumie kipande cha kadibodi. Mpira wa kurudisha mafuta huenda ukahitaji klipu mpya tu. Ule wa shinikizo haufungwi kwa utepe wa tyubu kuukuu. Hubadilishwa kwa mpira uliotengenezewa kazi hiyo, kisha hewa hutolewa kwa kuzungusha usukani huku na huku.

Kwa nini basi hayafanywi? Mara nyingi dereva husema, mwenye lori hasikii. Siku ambayo lori halikubeba mzigo ni hasara kwake, na dereva anayelalamika huambiwa kwamba wengi wanaitamani kazi yake. Ajali itokeapo, lawama humwangukia huyo huyo dereva. Huo si uungwana. Nao ukaguzi wa kila mwaka unaosimamiwa na mamlaka ya NTSA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2012, hauwezi kuuona mpira utakaochanika wiki ijayo.

Shule zenye malori na mabasi zaweza kutoa mfano mwema. Kila mafuta ya usukani yanapoongezwa, iandikwe daftarini tarehe, kiasi na jina la aliyeongeza. Yakiandikwa mara mbili katika muda mfupi, gari lisitoke mpaka fundi alikague. Wanafunzi wapewe daftari hilo walisome darasani, wajue kwamba kanuni ya Pascal haikuandikwa kwa ajili ya mtihani pekee.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika miteremko ya Kisii na Nyamira, ufa ni tone la mafuta chini ya lori, na lipo siku ambayo hapatakuwa na ukuta wa kujengwa, bali kaburi la kuchimbwa.