Hubiri Moja, Faili Moja

Hubiri moja mnalipata kwetu kwa njia tatu: mnalisikia redioni, mnalisoma kwenye karatasi hii, na wengine wanalipokea kwa WhatsApp. Ndugu na dada wanaotuletea mahubiri wanauliza wayaandike katika faili ya aina gani. Swali hilo linagusa Neno lenyewe.

Fikirini hubiri lenye faili tatu, kila njia na yake. Msomaji wa redio anaona Waebrania 11:1 imeandikwa 1:11. Anasahihisha yake, anasoma vizuri. Faili ya kuchapa na ile ya simu zinabaki na kosa. Kiongozi wa maombi ng'ambo ya Lualaba anafungua Biblia mbele ya watu atafute habari ya imani, naye anakuta mbingu zinazochakaa kama vazi!

Kwa hiyo faili ya asili iwe moja, na masahihisho yote yafanyike humo. Njia zote tatu zinachota hapo.

PDF ni nzuri kwa kuchapa, lakini ni mkate uliokwisha kuokwa: huwezi kuurudisha kuwa unga. Faili ya Word hubeba mapambo mengi, na ikifunguliwa kwenye mashine nyingine mistari inahama. Sisi tunapenda maandishi matupu, yale ambayo jina la faili lake huishia na .txt. Hufunguka kwenye kompyuta ya zamani na kwenye simu ndogo. Ukurasa wa maneno 300 ni kama kilobaiti 2 tu, wakati sauti ya dakika 30, hata ikibanwa, inaweza kufika megabaiti 14. Anayenunua mega kwa franka zake ataelewa.

Maandishi matupu hayana herufi nene, basi tunaweka alama. Watafsiri wa Biblia wanafanya hivyo katika mtindo unaoitwa USFM: \c ni sura, \v ni mstari, \p ni aya. Kutoka faili hiyo hiyo hutoka Biblia ya kuchapwa na Biblia ya simu. Kwetu inatosha kuweka nyota kabla na baada ya neno la kukazia. WhatsApp yenyewe hulifanya nene, mchapaji analiona, na msomaji wa redio anajua pa kukaza sauti.

Mnapohifadhi, chagueni UTF-8. Bila hiyo, herufi ë ya Noël inaweza kufika kwetu ikiwa imeharibika, na hakuna atakayejua ni sikukuu gani.

Tafadhali msitume picha ya daftari kama mnaweza kuandika kwenye simu. Picha inatulazimu kuandika upya, na namba za mistari hupotea hapo hapo. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, siku na kitabu cha Biblia. Hivyo mahubiri yatajipanga yenyewe kwa tarehe. Nakala nyingine iwekwe kwenye USB, nyumba tofauti na ile yenye kompyuta.