Maalim Seif na wajibu wa kuzikana



Hapa kwetu Likombe, wazee wanapokaa barazani baada ya swala ya Alasiri, jina la Maalim Seif Sharif Hamad halikosi kutajwa. Mmoja atasema alikuwa mtetezi wa wanyonge. Mwenziwe atasema aliwagawa watu. Tumeona leo tuipitie safari yake, kwani ugomvi uliomzunguka ulifika hadi misikitini na makaburini.

Maalim Seif alizaliwa Mtambwe, Pemba, mwaka 1943. Baada ya Mapinduzi ya 1964 alisomesha skuli kwa miaka kadhaa, na ndipo lilipotoka jina la Maalim. Mwaka 1972 alijiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1977 alikuwa Waziri wa Elimu wa Zanzibar, na mwaka 1984 akawa Waziri Kiongozi. Wanaomsifu wanakumbuka jinsi biashara ilivyofunguliwa na bidhaa zikarejea madukani. Wanaomlaumu wanamhesabu miongoni mwa waliochangia kuanguka kwa Rais Aboud Jumbe mwaka huo huo.

Mwaka 1988 yeye mwenyewe aliondolewa madarakani, kisha akafukuzwa CCM. Mwaka 1989 alitiwa kizuizini, akatoka mwaka 1991. Mwaka uliofuata alishiriki kuasisi CUF. Katika uchaguzi wa 1995 alitangazwa kushindwa na Dk. Salmin Amour kwa tofauti isiyofika asilimia moja. Hapo fitina ikapamba moto. Kisiwani Pemba walikuwapo Waislamu waliosusiana maduka, wakasusiana harusi, na hata maziko. Januari 2001 damu ilimwagika katika maandamano, na watu wapatao elfu mbili walikimbilia Shimoni, Kenya.

Tujiulize: kumswalia maiti na kumzika ni faradhi ya kutoshelezana iliyo juu ya jamii nzima. Je, kadi ya chama ina uwezo gani wa kuiondoa faradhi hiyo shingoni mwetu?

Novemba 2009 Maalim Seif alikutana na Rais Amani Karume, wakapatana. Kura ya maoni ya Julai 2010 iliridhia Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na baada ya uchaguzi wa mwaka huo Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa, CUF ikasusia marudio ya Machi 2016, na mafahamiano yakavunjika.

Nasi wa Mtwara tusijione tuko mbali. Mwaka 2015 jimbo la Mtwara Mjini lilichukuliwa na CUF. Chama kilipopasuka mwaka 2016 baina ya Maalim na Profesa Lipumba, tuliwaona hapa mtaani ndugu wa baba mmoja wakipishana njiani bila ya salamu. Mmoja wao alipofiwa na mtoto, mwingine alisimama mbali, nyuma ya minazi, akilitazama jeneza likipita. Hakusogea kulibeba. Mahakama ilitoa uamuzi mwaka 2019 na Maalim akahamia ACT-Wazalendo, lakini bega lile lililokosekana siku ile hakuna hukumu iliyoweza kulirejesha.

Baada ya uchaguzi wa 2020, uliokuwa na machungu yake, Maalim alikubali tena Umakamu wa Kwanza. Wapo wafuasi wake waliomlaumu. Alifariki Muhimbili tarehe 17 Februari 2021. Aliyetangaza msiba ni Rais Hussein Mwinyi, mshindani wake wa miezi michache nyuma, naye akaamuru maombolezo ya siku saba. Akazikwa Mtambwe.

Hatuandiki haya ili kumtakasa wala kumhukumu. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Tunasema tu kwamba wakubwa walipatana, wakagombana, wakapatana tena, na mwisho wakazikana. Basi wewe wa Likombe uliyemnunia nduguyo kwa ajili yao, unangoja nini? Leo baada ya swala ya Ijumaa, mpe mkono.

Wabillahi tawfiq.