Usiharakishe Kuuza Nyumba ya Mama

Umestaafu ukiwa na miaka 60, na mama yako aliyetimu 85 husahau kuzima jiko na hupotea akienda dukani. Umeamua kumpeleka katika makao ya wazee, uuze nyumba yake ulipe gharama. Ngoja kwanza.

Ikiwa alianza kuchanganyikiwa ghafla, muone daktari. Maambukizi ya mkojo huwafanya wazee hivyo, nayo hutibika. Maradhi ya usahaulifu huja polepole, na mgonjwa huishi kwa mazoea: choo cha kwake anakijua hata gizani. Ukimhamisha, huenda wiki za kwanza akababaika zaidi, akakosa usingizi, akadai kurudishwa kwake. Mpelekee leso zake na picha za ukutani. Uliza pia wahudumu wa usiku ni wangapi, wengi hawaulizi.

Kisha kuna hatimiliki. Ikiwa ina jina lake, nyumba ni yake, hata kama funguo unazo wewe. Angali na fahamu, keti naye mbele ya wakili, aseme atakalo; pengine atapendelea ipangishwe. Fahamu zikishapotea, sahihi yake yaweza kubatilishwa. Itakubidi uombe mahakama ikuteue kusimamia mali yake, na ndugu zako wanaweza kupinga.