Je, Wajua? Mafundi wa Dawa Wamo Udongoni

Harufu ya mvua ya kwanza ni kazi ya bakteria
Ile harufu tamu inayopanda ardhi kavu ikinyeshewa hutokana na jiosmini, kemikali ya bakteria wa udongoni waitwao Streptomyces. Pua yako huinasa hata ikiwa kijiko kimoja cha chai ndani ya mabwawa 200 ya kuogelea ya Olimpiki! Ukoo huohuo ndio uliotupa streptomaisini mwaka 1943, antibiotiki ya kwanza kukishinda kifua kikuu.

Erithromaisini hujengwa kama zege la ghorofa
Vimeng'enya ndio mafundi wa chembe hai. Ndani ya bakteria aliyepatikana katika udongo wa Iloilo, Ufilipino, mwaka 1949, vimeng'enya vitatu vikubwa ajabu hupokezana mnyororo wa kaboni kama vibarua wanavyopokezana karai la zege. Kila kituo huongeza kipande, hadi vipande vinatimia saba, kisha mnyororo hukunjwa ukawa pete. Vimeng'enya vingine hubandika sukari mbili, maana bila sukari hizo antibiotiki hii haina makali.

Atomu moja ilizaa dawa nyingine ya saratani
Karibu na ngome ya Castel del Monte, Italia, watafiti walichota udongo wenye bakteria anayetoa rangi nyekundu kama juisi ya rosela. Rangi hiyo ni daunorubisini, dawa ya saratani ya damu yenye atomu 67. Kimeng'enya kimoja kikipachika atomu ya oksijeni, zinakuwa 68, nayo hugeuka doksorubisini, inayotibu hata saratani ya matiti.

Mkojo wa rangi ya chungwa una asili ya msituni
Mgonjwa wa kifua kikuu akiona mkojo wa rangi ya chungwa, asishtuke: ni dawa yake, rifampisini. Bakteria aliyeianzisha alitoka katika msitu wa misonobari kusini mwa Ufaransa mwaka 1957, na wanakemia wakaiboresha kazi yake.

Fundi hujifungia kufuli asidhurike
Mtengenezaji wa erithromaisini mbona hafi? Kimeng'enya chake hutia alama ndogo kwenye mitambo yake ya kutengenezea protini, dawa ikakosa pa kushika. Baadhi ya bakteria wa magonjwa nao wana kufuli kama hilo, na kila dozi ya ovyo huwaachia uwanja wazaane. Basi, usimeze antibiotiki bila kupimwa, wala usigawane na jirani.