Kizuri Hakikujiuza

Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini je, mnunuzi asipoweza kukitambua kilicho kizuri, hutokea nini? Ninyi mnaolima zabibu huko Dodoma na kuziuza Nkuhungu, sikieni yaliyowapata Wamarekani katika biashara ya michezo ya video, yaani michezo ichezwayo kwenye televisheni.

Mashine iliyopendwa sana ilikuwa ya kampuni ya Atari. Kila mchezo uliuzwa katika kaseti yake. Mwanzoni Atari peke yake ndiyo iliyotengeneza kaseti hizo. Mwaka 1979 baadhi ya mafundi wake waliondoka, wakaanzisha kampuni ya Activision. Michezo yao ilikuwa mizuri, ikaleta faida. Basi wengine wakaifuata faida hiyo mbio, hata wasioijua kazi. Hakuna aliyewakagua. Maduka yakafurika kaseti zenye picha za kupendeza juu ya maboksi, na mzazi hakujua kilichomo mpaka afike nyumbani.

Atari nayo ikashikwa na haraka. Mwaka 1982 fundi mmoja alipewa wiki tano hivi tu kuutengeneza mchezo wa E.T., uliotokana na sinema, ili uwahi Krismasi. Watoto wakauchoka upesi. Mwaka 1983 kaseti nyingi zilizokosa wanunuzi zilifukiwa jalalani huko Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2014 watu walizifukua wakazikuta.

Wenye maduka wakauza kaseti mbovu kwa bei ya kutupa. Nani basi angelipa bei kamili, naye amekwisha kudanganywa mara tatu? Wabaya na wema wakaanguka pamoja. Mapato ya mwaka 1983, kama dola bilioni 3.2, yalishuka hata kufikia dola milioni 100 hivi mwaka 1985.

Mwaka huo huo kampuni ya Nintendo ya Japani ilileta mashine yake Marekani. Ndani yake mlikuwa na kufuli: kaseti isiyo na kibali haikuchezeka. Kampuni ilikagua michezo, ikatia muhuri, na watengenezaji wengine wakaruhusiwa michezo 5 tu kwa mwaka. Wengi walinung'unika, lakini wanunuzi walirudi.

Basi, ndugu mkulima, wingi peke yake hauui soko. Kinacholiua ni wingi usiokaguliwa. Jirani yako akivuna zabibu kabla ya kuiva ili awahi bei, au akificha mbovu chini ya ndoo, asidhani hasara ni yake tu. Mnunuzi hatasema, "Fulani kanidanganya." Atasema, "Zabibu za pale hazifai," na wewe uliyengoja ziive utarudi nyumbani na ndoo yako imejaa.

Kwa hiyo kaeni pamoja kabla ya mavuno. Pataneni siku ya kuanza kuchuma, teueni wakaguzi, na ndoo mbovu irudishwe shambani, hata ikiwa ni ya mwenyekiti.