Elimu ya Jinai na Kazi Zake

Katika mji wa Bagamoyo pana jengo la mawe lenye kuta nene, nalo huitwa Ngome Kongwe. Lilijengwa yapata mwaka 1860. Wakati wa Wajerumani askari walikaa humo. Wakati wa Waingereza likafanywa gereza, na baadaye kituo cha polisi. Siku hizi wageni huingia kutazama mambo ya kale tu. Kuta zile ziliweza kumzuia mwivi asitoroke, lakini hazikuweza kuuliza kama yeye ndiye aliyeiba kweli, wala kwa nini aliiba, wala afanyiwe nini asiibe tena. Maswali hayo matatu ndiyo yachunguzwayo na elimu ya jinai.

Swali la kwanza ni hili: Nani aliyetenda? Zamani katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, mshitakiwa alinyweshwa mwavi, yaani dawa ya sumu. Akitapika, alihesabiwa hana hatia. Akifa, watu walisema alistahili kufa. Huko Ulaya nako washitakiwa waliteswa mpaka wakiri. Njia hizo zilipima nguvu za mwili, hazikupima ukweli. Mwovu mwenye mwili hodari aliweza kuokoka, na mnyonge asiye na kosa akaangamia.

Mwaka 1892, huko Necochea katika nchi ya Argentina, watoto wawili waliuawa nyumbani mwao. Mama yao, Francisca Rojas, akamshitaki jirani. Polisi wakamkamata jirani huyo na kumtesa, lakini hakukiri. Ndipo mkaguzi mmoja alipokwenda kuitazama nyumba vizuri, akaona mlangoni alama ya kidole yenye damu. Akakata kile kipande cha ubao, kisha akachukua alama za vidole vya yule mama. Zikalingana. Mama akakiri kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeua, na jirani akaokoka. Kwa maana mistari ya vidole vya mtu haifanani na ya mwenziwe, hata wakiwa pacha. Baadaye Azizul Haque na Hem Chandra Bose, watumishi wawili wa polisi wa Bara Hindi, walisaidia kutunga njia ya kuzipanga alama hizo, na mwaka 1897 ofisi ya kuzihifadhi ikafunguliwa mjini Calcutta.

Swali la pili ni hili: Kwa nini alitenda? Cesare Lombroso, daktari wa Italia, aliandika mwaka 1876 kwamba waovu wengi huzaliwa hivyo, na kwamba hutambulikana kwa sura na kwa fuvu la kichwa. Lakini Charles Goring, daktari wa magereza ya Uingereza, aliwapima wafungwa wapatao 3,000, na mwaka 1913 akaonyesha kwamba Lombroso alikosa. Hakuna sura ya mwivi. Sababu hutafutwa katika maisha ya mtu: umaskini, tamaa, ulevi, na marafiki wabaya.

Fikiri habari za baruti katika pwani ya Dar es Salaam na Bagamoyo. Wavuvi wengine wamekuwa wakiitupa baharini, ingawa sheria inakataza. Samaki hufa wengi kwa mara moja, lakini matumbawe huvunjika, na samaki wadogo hukosa makao. Mtu ajuaye kazi yake humpasua samaki aliyeletwa sokoni. Akiona kibofu cha hewa kimepasuka na mfupa wa mgongo umevunjika, hupata dalili kwamba samaki huyo aliuawa kwa baruti. Kisha huendelea kuuliza: Baruti hiyo yatoka wapi? Nani anunua samaki hao? Mbona jirani anaona naye hasemi? Mvuvi mmoja akifungwa, na maswali hayo yasijibiwe, kesho atatupa mwingine.

Swali la tatu ni hili: Afanyiwe nini asirudie? Katika Tanzania, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 huruhusu aliyehukumiwa kwa kosa dogo afanye kazi ya faida kwa watu wote, badala ya kukaa gerezani.

Kwa hiyo elimu hii huongoza kwenye kazi nyingi. Yuko mpelelezi wa polisi. Yuko mkemia apimaye damu na sumu katika maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Dar es Salaam. Yuko hakimu, na wengine wa namna hiyo husoma katika Chuo cha Uongozi wa Mahakama, Lushoto. Yuko afisa wa magereza awafundishaye wafungwa ufundi, na afisa wa ustawi wa jamii awaangaliaye watoto waliopotoka. Yuko na mlinzi wa wanyama katika Hifadhi ya Saadani, awafuatiaye majangili kwa nyayo zao.

Kazi hizo zote zataka hesabu, sayansi, uvumilivu, na zaidi ya yote moyo wa kupenda kweli. Moyo huo huanza shuleni. Kalamu ikipotea darasani, wengi huwa wepesi kumnyoshea kidole mtoto maskini kuliko wote. Mwenye hekima huuliza kwanza: Nani aliiona mara ya mwisho, na wapi? Mara nyingi kalamu huonekana chini ya dawati, lakini aliyekwisha kuitwa mwivi hubaki na uchungu siku nyingi.